Foleni ya supamaketi: Hesabu vichwa kabla ya bidhaa

JIONI ya mwisho wa mwezi mjini Kitengela, supamaketi zilizo karibu na barabara kuu ya Namanga hufurika wateja. Wafanyakazi wa viwanda vya Athi River na wenzao wanaorejea kutoka Nairobi hushuka matatu karibu wakati mmoja, na kila mmoja anataka unga, mafuta ya kupikia na sabuni kabla ya kuelekea nyumbani. Atakayekwama kwenye foleni huenda akamkuta mtoto amelala bila chajio.

Je, mteja atatambuaje foleni itakayosonga upesi?

Wengi hutazama toroli. Wakiona iliyosheheni, huikwepa na kukimbilia foleni ya watu waliobeba vikapu vyepesi. Mara nyingi hapo ndipo wanapokosea.

Muda ambao mteja hutumia kwenye kaunta una sehemu mbili. Ya kwanza ni kupitisha bidhaa kwenye mashine ya kusoma bei, kazi ya sekunde chache kwa kila bidhaa. Ya pili ni malipo: kutafuta pesa, kungoja chenji, kusubiri ujumbe wa simu na kupokea risiti. Sehemu hii ya pili haipungui sana hata kama mteja amenunua kiberiti tu.

Tuchukue mfano. Tuseme kila bidhaa huchukua sekunde 3 na kila malipo sekunde 45. Foleni ya kwanza ina wateja watano wenye bidhaa nne nne. Itachukua sekunde 285. Ya pili ina wateja wawili wenye bidhaa ishirini ishirini. Itachukua sekunde 210. Foleni ya pili ina bidhaa maradufu, lakini itamalizika mapema kwa sekunde 75.

Kwa hivyo, hesabu vichwa kwanza, kisha utazame dalili nyingine.

Mboga na matunda ambayo hayajapimwa wala kubandikwa bei humrudisha mwenyewe kwenye mizani huku wengine wakingoja. Bidhaa inayohitaji kufutwa baada ya kuhesabiwa humlazimu keshia kumwita msimamizi. Aidha, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 28, 2017, upakiaji umekuwa na shughuli zake. Kaunta yenye msaidizi wa kupakia husonga haraka kwa kuwa keshia haachi mashine yake.

Mtazame pia mteja aliye mbele. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka wa 2007, imepunguza usumbufu wa chenji, lakini mtandao ukizorota malipo huchelewa. Aliyekwisha kushika simu mkononi ni afadhali kuliko anayeanza kuitafuta mkobani baada ya kutajiwa jumla.

Taaluma ya foleni si ngeni. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu mawasiliano ya simu mwaka wa 1909. Mnamo 1961, John Little wa Marekani alithibitisha kanuni inayohusisha idadi ya watu walio kwenye foleni, kasi ya kuwasili kwao na muda wa kungoja.

Hata hivyo, hesabu haiondoi bahati. Palipo na kaunta tatu zinazolingana, uwezekano wa yako kuwa ya kwanza kumalizika ni moja kwa tatu. Mara mbili kati ya tatu, utaona jirani akikupita. Hujarogwa, ndivyo hesabu ilivyo.

Dawa bora imo mikononi mwa wenye maduka: foleni moja inayogawanyika kwenye kaunta zote, kama ilivyo katika kumbi nyingi za benki. Mpango huo haumwongezei keshia kasi, ila huzuia mtu mmoja mwenye tatizo kuwakwamisha wote walio nyuma yake, na anayetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa. Hata duka dogo mjini Kajiado lenye kaunta mbili linaweza kuutumia. Halihitaji mashine mpya; kamba na kibao vyatosha, mradi pawe na nafasi ya watu kusimama.

Kabla ya hayo kutimia, mteja ana wajibu wake. Pima mboga mapema, fungua mfuko wako, weka simu tayari, na umpishe mzee au mama mjamzito. Dakika unayookoa kwa kujiandaa haiwi yako peke yako. Ni ya kila aliye nyuma yako.