HISTORIA YA MENO, SEHEMU YA 4: Pengo la mbele

Watoto wakishalala, soma taratibu.

Juzi mama mmoja kaja wodini na binti yake, meno mawili ya juu hayapo. Nikatazama kinywa tu nikasema, huyu ana miaka saba. "Nesi, umejuaje?" Jamani, si uchawi. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka kwenye miaka 6 au 7, ya chini kwanza, halafu ya juu.

Kuna mtoto mwingine ambaye umri wake ulijulikana hivyohivyo, ila waliomtazama kinywani walikuwa wanunuzi.

Julai 1761, bandari ya Boston, Marekani. Meli iitwayo Phillis imefika kutoka Afrika Magharibi na watu wa kuuza. Mmoja ni binti mwembamba, kajifunga kipande cha zulia chakavu. Nahodha aliogopa atamfia mikononi, kwa hiyo Susanna Wheatley na mumewe wakampata kwa bei ya chini. Wakaona meno ya mbele yanang'oka, wakakadiria miaka saba. Jina wakampa la meli. Mimi kila nikifika hapa nasimama kidogo. Mtoto wa umri huo unamjua wewe, usiku bado anakuita umsindikize chooni.

Phillis Wheatley alijifunza kusoma na kuandika katika nyumba hiyo, na alipokuwa msichana akaanza kutunga mashairi. Watu hawakuamini. Ilibidi wanaume 18 wakubwa wa Boston, gavana akiwemo, waweke majina yao kuthibitisha kwamba ni kazi yake. Kitabu chenyewe kilichapwa London, mwaka 1773. Mwaka 1775 akamtungia shairi Jenerali George Washington, na Februari 1776 Washington akamjibu kwa heshima, akamkaribisha amtembelee.

Sasa huyo Washington naye alikuwa na mapengo, tena si kidogo! Alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Ile hadithi ya meno ya mbao achaneni nayo. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa meno ya kiboko, madini ya risasi, na meno ya binadamu.

Ya binadamu gani? Daftari lake la matumizi la Mei 1784 linaonyesha pauni 6 na shilingi 2 walizolipwa watu weusi kwa meno 9, kwa hesabu ya daktari wa meno. Piga hesabu, jino moja kama shilingi 13 na nusu. Daktari huyo alishatangaza gazetini gini 2 kwa jino la mbele, zaidi ya shilingi 40. Mtasema, si walilipwa? Haya, mtumwa akiombwa jino na bwana wake anakataaje? Daftari halitaji majina yao, wala halisemi meno yalikwenda kinywani mwa nani.

Kiswahili tunasema pengo kwa jino lililotoka, na tunasema pengo kwa tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Kwenye mstari ule wa daftari ni pengo moja: la tajiri linazibwa, la mtumwa linafunguka.

Phillis alikuwa ameshaachiwa huru, akaolewa, na mumewe akaandamwa na madeni. Alitafuta wanunuzi wa kitabu cha pili, hawakutosha, na karatasi zake hazikuonekana tena. Alifariki Boston tarehe 5 Desemba 1784, miezi saba baada ya yale malipo. Alikuwa na miaka kama 31, kwa hesabu ya yale meno.

Wenye watoto wa miaka 6 au 7: jino likilegea liacheni litoke lenyewe, mambo ya kufunga uzi kwenye kitasa cha mlango hapana. Jipya likiota nyuma na la zamani bado limeng'ang'ania, mleteni tulione. Sehemu ya 5 Jumapili, nikitoka zamu ya usiku.