Redio zilizojifunza kupokezana

Tarehe 27 Agosti 1976, gari la watafiti wa taasisi ya SRI liliegeshwa nje ya baa ya Rossotti's, Portola Valley, California. Walivuta waya hadi meza ya nje, wakaandika ripoti ya kazi na kuituma hapohapo. Pakiti za data zilipaa hadi redio ya kilimani, ikazipeleka mbele, zikaingia mtandao wa ARPANET.

Miaka mitano kabla, Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii alikuwa ameunganisha visiwa kwa redio. Ila kwenye mtandao wake huo, ALOHA, kila mtumiaji alizungumza moja kwa moja na kituo kikuu cha Oahu. Jeshi la Marekani, lenye magari yanayohama kila saa, halikutaka kutegemea mlingoti mmoja. Ndipo mradi wa redio za pakiti, uliosukumwa na Robert Kahn, ukazitawanya redio milimani kuzunguka ghuba ya San Francisco, zipokezane.

Kilichonivutia zaidi ni namna zilivyotoa risiti. Redio ikishatuma, ilitega sikio. Ikimsikia jirani akiirusha pakiti ileile mbele, ilijua imefika. Kusikia ya wengine, ambako kwingine kulihesabiwa kuwa vurugu hewani, hapa kukawa kazi.

Jambo la ajabu ni kwamba wanahisabati walikuwa wamelishika suala hilohilo, kwa mlango mwingine. Mwaka 1971 Edward van der Meulen aliandika juu ya mawasiliano ya watatu: mtumaji, mpokeaji na msaidizi. Mwaka 1979 Thomas Cover na Abbas El Gamal walionyesha faida ya msaidizi huyo, mpokeaji akiunganisha anachosikia kutoka pande zote mbili. Kisha kimya kirefu.

Simu za mkononi ndizo zilizolifufua suala hilo. Mawimbi hufifia mtu akigeuka kona tu, na aliye kando huenda akasikia vizuri zaidi. Watafiti Sendonaris, Erkip na Aazhang mwaka 2003, kisha Laneman, Tse na Wornell mwaka 2004, walichambua jinsi jirani anavyoweza kukuza mawimbi aliyoyapata, kelele zake zikiwemo, au kuyafumbua kwanza ndipo ayatume upya.

Lakini jirani akisaidia, betri ya nani itumike? Vituo vya kupokezana vilivyoingia kwenye viwango vya simu vya LTE-Advanced vilikuwa vya kampuni za simu, vyenye umeme wake.