Dhamana ya Msanii Asiyejulikana: Historia ya Uuzaji wa Kazi ya Kwanza ya Sanaa ya Michezo ya Kidijitali Mtandaoni, 1993–2024

Makala haya yanachunguza jinsi wasanii wasiokuwa na jina walivyopata njia ya kuiuza kazi yao ya kwanza ya sanaa ya michezo ya kidijitali kwa wanunuzi wa mtandaoni. Kazi inayozungumziwa si mchezo kamili, bali ni kipande cha kuundia mchezo: umbo la pande tatu la mhusika, la nyumba au la silaha, picha zinazovishwa umbo hilo, alama za skrini, au mienendo ya mwili iliyotayarishwa. Msanii huiuza mara nyingi kwa watu wengi, na kila mnunuzi hupata ruhusa ya kuitumia katika mchezo wake mwenyewe.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu biashara hii huhusisha mafanikio ya muuzaji na mambo mawili: uzuri wa picha za matangazo na unafuu wa bei. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanawafaa zaidi wauzaji waliokwisha kujulikana. Mnunuzi wa umbo la pande tatu hawezi kujua kama viungo vya mhusika vitapinda vizuri, au kama faili litafunguka katika programu anayotumia, mpaka awe ameshalipa. Pia hawezi kujua kama kazi hiyo imeibwa kwa mtu mwingine. Kwa muuzaji mkongwe, maswali haya hujibiwa na rekodi yake. Kwa muuzaji wa mara ya kwanza hakuna rekodi, kwa hiyo lazima mtu au chombo kingine kimdhamini. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya soko hili ni historia ya kuhama kwa dhamana hiyo: kutoka kwa jumuiya ya wasanii, kwenda kwa kampuni zinazomiliki maduka.

Chanzo cha jambo hili kilikuwa kutoa bure. Mchezo wa Doom ulipotoka Desemba 1993, kampuni ya id Software ilikuwa imetenga data za michoro na ramani katika mafaili yaliyo mbali na programu yenyewe, na hivyo mchezaji wa kawaida aliweza kubadilisha sura ya mchezo bila kugusa msimbo wake. Waliounda ramani na maumbo mapya waliyasambaza bila malipo. Hata hivyo, kutoa bure kulifanya kazi ya kutangaza. Kundi la TeamTNT lilikuwa karibu kusambaza bure seti ya ramani iitwayo TNT: Evilution, ndipo id Software ilipoinunua na kuiuza mwaka 1996 kama sehemu ya Final Doom. Counter-Strike nayo ilianza mwaka 1999 kama badiliko la bure la mchezo wa Half-Life, na mwaka uliofuata Valve ikaitoa kama bidhaa ya dukani. Katika visa vyote viwili mnunuzi alikuwa mmoja tu, yaani kampuni yenye mchezo. Msanii mmoja mmoja mwenye umbo moja zuri hakuwa na mlango wa kupitia.

Mlango wa namna hiyo ulifunguliwa na TurboSquid, iliyoanzishwa New Orleans mwaka 2000. Wanunuzi wake wa mwanzo hawakuwa hasa watu wa michezo, bali watu wa filamu, matangazo na usanifu wa majengo. Katalogi yake iliweka kanuni ambayo masoko yote yaliyofuata yaliirithi, nayo ni kwamba picha peke yake haitoshi. Kando ya picha lilikuja jedwali lenye idadi ya poligoni, aina za mafaili na hali ya picha za kuvisha. Kwa muuzaji mpya jedwali hilo lilikuwa msaada mkubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa liligeuza swali la "huyu ni nani?" kuwa swali la "kitu hiki kina nini?".

Second Life, iliyofunguliwa na Linden Lab mwaka 2003, ilikwenda mbali zaidi. Novemba mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba mtumiaji atabaki na haki miliki ya vitu anavyounda. (Kama Second Life ni mchezo au la ni mjadala wa zamani, kwa makala haya inatosha kwamba vitu vilivyouzwa humo viliundwa kwa mbinu zilezile.) Mtu aliyeshona vazi la kidijitali kwa mara ya kwanza aliweza kuliuza kwa dola za Linden, ambazo ziliweza kubadilishwa kuwa dola za Marekani. Mnunuzi aliliona vazi likiwa limevaliwa kabla hajalipa. Tatizo la kutoweza kujaribu lilipungua sana, lakini tatizo la wizi likabaki wazi. Novemba 2006 ilipoenea zana iliyoitwa CopyBot, iliyoweza kunakili vitu vya watu wengine, wauzaji wengi walifunga maduka yao kwa kupinga. Linden Lab ilitamka kwamba kunakili kwa zana hiyo ni kukiuka masharti yake. Tukio hilo lina uzito wa pekee kwa sababu wauzaji, ambao kila mmoja alikuwa mshindani wa mwenzake, waligundua kwa pamoja kwamba mali yao yote ilisimama juu ya utayari wa kampuni moja kuilinda.

Mwaka 2010 ndio mwaka wa mgeuko, nao unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwani ndani ya miezi michache njia mbili tofauti za dhamana zilionekana zikiwa bega kwa bega.

Njia ya kwanza ilikuwa ya jumuiya. Polycount ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kama mahali pa kubadilishana maumbo ya wachezaji wa michezo ya Quake, na kwa muda ikawa baraza la wasanii ambamo kazi ilionyeshwa ikiwa bado mbichi na kusahihishwa na wenzao hadharani. Mwaka 2010 Valve ilishirikiana na baraza hilo kuendesha shindano la kuunda seti za vifaa na mavazi kwa ajili ya wahusika wa mchezo wa Team Fortress 2. Zawadi iliyotangazwa ilikuwa kazi kuingizwa katika mchezo. Kisha, tarehe 30 Septemba 2010, Valve ilifungua duka ndani ya mchezo huo na kuziweka seti tano za washindi rafuni, huku waundaji wakipewa asilimia 25 ya mauzo. Katika wiki mbili za mwanzo, kila mmoja wa wasanii watano alipata kati ya dola 39,000 na 47,000 za Marekani.

Kiasi hicho kilishangaza, na mara nyingi kimesimuliwa kama hadithi ya bahati. Usomaji huo unapotosha. Wasanii hao hawakutangaza chochote kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Hawakulipia tangazo wala kuandika sifa za bidhaa. Walichofanya ni kuweka mbele ya wenzao picha za kazi kila hatua: mchoro wa awali, umbo lisilo na rangi, kisha umbo lililokamilika. Walipofika dukani, ustadi wao ulikuwa umekwisha shuhudiwa. Mchezaji aliyenunua kofia huenda hakuwahi kulisikia jina la Polycount, lakini ushahidi wa baraza ndio uliowafikisha wasanii kwa Valve, na Valve ndiyo iliyowafikisha kwa mchezaji. Mwaka 2011 utaratibu huu ulipanuliwa kupitia Steam Workshop, ambako kura za wachezaji zilichukua nafasi ya macho ya mafundi. Mabadiliko hayo hayakuwa madogo: fundi hutazama viungo na mpangilio wa poligoni, ilhali mpiga kura hutazama picha moja.

Njia ya pili ilifunguliwa Novemba 2010, pale Unity ilipozindua Asset Store. Msingi wake ulikuwa umewekwa mwaka mmoja kabla, Oktoba 2009, kampuni ilipoanza kutoa toleo la bure la injini yake. Uamuzi huo ulizalisha tabaka jipya la wanunuzi: watu wanaojua kuandika programu, wasiojua kuchora, na wasio na fedha za kumwajiri mchoraji. Duka liliwekwa ndani ya injini yenyewe, likachukua asilimia 30 na kumwachia muuzaji 70, na kila kifurushi kilikaguliwa kabla ya kuchapishwa. Dhamana sasa ilikuwa muhuri wa kampuni, ukifuatiwa na nyota na maoni ya wanunuzi.

Muhuri huo ulimfikisha mgeni sokoni, ila haukumfikisha kwa mnunuzi. Duka lenye mpangilio wa "vinavyouzwa zaidi" humpendelea aliyekwisha kuuza. Ndiyo maana wauzaji wapya walijifunza kuuza mfululizo badala ya kipande kimoja, yaani kijiji kizima chenye nyumba, uzio na mapipa ya mtindo mmoja, kwa sababu mwenye mchezo anahitaji ulimwengu unaoshikamana. Kampuni ya Synty ya New Zealand ilijenga biashara yake juu ya kanuni hiyo, kwa maumbo yenye poligoni chache yanayopatana yenyewe kwa yenyewe.

Unreal Engine Marketplace ilifuata mwaka 2014 kwa mgawo uleule, mpaka Julai 2018, Epic Games ilipopandisha fungu la muuzaji hadi asilimia 88 na kulipa tofauti ya mauzo ya nyuma tangu 2014. Ukarimu huo ulitokana na faida ya Fortnite. Lakini mkono uliopandisha mgawo ndio ulioinunua Quixel mwaka 2019 na kuwapa watumiaji wa Unreal maktaba yake ya Megascans bila malipo. Mgeni aliyetaka kuanza na miamba au udongo alijikuta akishindana na bei ya sifuri iliyowekwa na mwenye duka.

Wapo waliochagua upande mwingine. OpenGameArt, iliyoanza 2009, ilisambaza kazi kwa leseni huria, na itch.io iliruhusu kuanzia Machi 2015 muuzaji aamue mwenyewe asilimia atakayoiachia tovuti. Kwa msanii wa Afrika Mashariki, mgawo haukuwa daima swali la kwanza. Swali lilikuwa fedha zitamfikiaje. Nchini Kenya, mwaka 2018 Safaricom na PayPal waliwezesha kuhamisha malipo hadi M-Pesa, na hilo pengine lilimsaidia muuzaji mdogo kuliko punguzo lolote la kamisheni.

Wingi wa vifurushi ulileta pia aibu kwa mnunuzi. Michezo iliyounganishwa harakaharaka kutokana na sanaa ya kununuliwa iliongezeka katika Steam, hasa katika miaka ya Greenlight, 2012 hadi 2017, na shutuma zikawaangukia hata wanaotumia vifurushi kwa nia njema. Wenye PUBG walilazimika mwaka 2018 kueleza hadharani kwamba timu inayoanza haiwezi kuchora kila kitu upya. Kwa msanii mpya athari ilikuwa ya pande mbili: mnunuzi alianza kuogopa kazi inayotambulika kwa urahisi, na hivyo kadiri kazi ya kwanza ilivyofanikiwa sana, ndivyo ilivyokaribia kukataliwa.

Oktoba 2024 Epic iliunganisha masoko yake katika duka moja, Fab, na kutangaza kwamba Megascans zingekuwa bure hadi mwisho wa mwaka huo tu. Mwezi uliofuata itch.io iliwataka wauzaji wa sanaa waeleze kama wametumia akili mnemba kuzalisha kazi zao. Sharti hilo halikuwagusa wote kwa namna moja. Muuzaji mkongwe alikuwa na miaka ya kazi ya kuonyesha. Aliyeanza mwezi huo alikuwa na neno lake tu, pamoja na picha za hatua kwa hatua kama alizihifadhi: mchoro wa awali, umbo lisilo na rangi, na umbo lililokamilika.