Gari ya mkononi iliyogongwa: Swali ambalo mnunuzi wa Bariadi aulize kwa maandishi

Tangazo la gari kwenye kundi la WhatsApp halibadiliki sana: "IST namba D, haidaiwi, AC inapiga, bei maongezi." Chini yake kuna picha sita, gari imeoshwa na tairi zimepakwa weusi. Mnunuzi wa Bariadi anaangalia rangi, anauliza bei ya mwisho, anauliza ipo wapi. Swali la kama gari imewahi kupata ajali linakuja baadaye, tena kwa mdomo tu, na mara nyingine haliji kabisa.

Hapo ndipo hela inapopotea. Kwa kawaida sheria ya Tanzania haimlazimishi muuzaji kutaja ubaya wa gari ambao hajaulizwa. Akinyamaza, kumbana ni kazi. Akiulizwa akadanganya, mambo yanabadilika kabisa.

Kwa nini ni rahisi kuuziwa Simiyu

Gari nyingi zinazouzwa Bariadi, Maswa au Lamadi hazikuanza maisha yake hapo. Zimeshushwa bandari ya Dar es Salaam, zikatumika huko au Mwanza, ndiyo zikafika Simiyu kwa mmiliki wa pili, wa tatu au wa nne. Gari iliyopinduka Chalinze inaweza kunyooshwa Dar, ikapigwa rangi, halafu ikauzwa Bariadi ambako hakuna jirani anayeijua.

Kadi ya gari haisaidii hapo. Inaonyesha namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, aina, rangi, mwaka na jina la mmiliki. Haina mahali panapoandikwa kuwa gari iligongwa. Mfumo wa Polisi wa kuangalia madeni ya makosa ya barabarani unaonyesha faini, na ule wa TIRA unaonyesha kama bima ipo hai. Vyote ni vya kuangaliwa, ila hakuna kinachojibu swali la ajali.

Msimu nao una mchango wake. Pamba ikianza kununuliwa katikati ya mwaka, hela inaingia mkononi kwa mkupuo na dalali anajua. "Kuna mtu anatoka Maswa anakuja na cash" ni sentensi iliyowafanya wengi walipe kabla fundi hajafika.

Kubadilisha mlango siyo ajali kubwa

Fundi bodi akinyoosha bati, akapaka puti, akapiga msasa na kupuliza rangi, hajafanya kosa lolote. Gari iliyokwaruzwa mlango sokoni na kutengenezwa vizuri haina shida. Mnunuzi anayekimbia kila gari yenye rangi mpya atarudi nyumbani kwa miguu.

Cha kuogopa ni mfupa. Land Cruiser au Canter ina chesisi yake, na bodi imekaa juu. Gari ndogo kama IST, Passo, Wish au Probox ile inayopiga mchomoko haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mfupa. Mihimili ya mbele inayobeba injini, nguzo za milango na sakafu ya buti vimetengenezwa kupokea kishindo kwa mpangilio maalumu ili kisimfikie aliyekaa ndani. Mhimili uliokunjika, ukavutwa kwa mnyororo na kuchomelewa, hauna uhakika wa kufanya kazi hiyo mara ya pili. Mifuko ya hewa ikishafumuka, kuirudishia mipya ni gharama, kwa hiyo wapo wanaoziba tu kifuniko cha usukani na kuiacha nafasi tupu.

Japani, zinakotoka gari nyingi hizi, wanatenganisha mambo hayo mawili. Kubadilisha vitu vinavyofungwa kwa bolti, kama bampa, boneti, mlango au madigadi ya mbele, hakuifanyi gari ihesabiwe kuwa na historia ya matengenezo ya ajali. Kugusa mfupa ndiko kunakoifanya ihesabiwe.

Kwa gari iliyopita kwenye mnada wa huko, jambo hilo linaandikwa kwenye karatasi ya mnada. Daraja huwa ni namba, kama 4 au 3.5. Ikiandikwa R au RA, maana yake kwa kawaida ni kwamba iliwahi kuumia na kutengenezwa. Minada mingine huandika 0 au nyota tatu. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema gari ni "fresh kutoka Japani" aombwe karatasi hiyo, kisha namba ya chesisi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye gari. Karatasi zinaghushiwa, lakini zipo huduma za mtandaoni za kulipia zinazotafuta kumbukumbu ya mnada kwa namba ya chesisi.

Karatasi hiyo inaishia siku gari ilipouzwa mnadani. Yaliyotokea Tanzania haiyajui.

Fundi aangalie nini

Gari ikaguliwe mchana, ikiwa kavu. Gari iliyooshwa dakika tano zilizopita ina maji yanayong'aa na kuficha mawimbi ya puti. Mkaguzi asimame pembeni kwenye kona ya gari, aangalie ubavu wote kwa mstari mmoja. Bati la kiwandani linaonyesha kivuli kilichonyooka, lenye puti kivuli kinayumba.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inatosha kwa kuanzia. Kwenye bati la chuma inashika, kwenye puti nene inateleza. Ila isitumike kwenye bampa, ambayo ni plastiki. Mwenye kipimo cha unene wa rangi anaona zaidi: rangi ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 180 hivi, penye puti namba inapanda hadi mamia mengi.

Baada ya hapo boneti ifunguliwe. Bolti za boneti na madigadi kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi. Zikiwa zimechubuka kwenye kona, spana imepita. Hilo peke yake siyo kesi, lakini linamwambia fundi aendelee kuchimba. Aangalie mihimili ya kushoto na kulia: kama mmoja umenyooka na mwingine una mikunjo, rangi tofauti au mstari mnene wa kuchomelea kwa mkono, jibu limepatikana. Uchomeleaji wa kiwandani ni vidoti vidogo vya duara vilivyopangika kwa nafasi sawa.

Kapeti ya buti inyanyuliwe, tairi ya akiba itolewe. Wengi hawafiki huku, na wauzaji wanajua hawafiki. Sakafu yenye mikunjo, rangi iliyopulizwa juu ya nyaya au kutu upande mmoja tu inaonyesha gari iligongwa kwa nyuma. Mpira wa mlango nao uvutwe taratibu, nguzo iliyo chini yake ionekane.

Ndani ya gari, mkanda wa usalama uvutwe mpaka mwisho. Mkanda uliokwama, wenye nyuzi zilizovutika, au wenye lebo ya mwaka usiofanana na wa gari, una habari. Vioo pia vina chapa: kimoja kikiwa cha kampuni tofauti na vingine vyote, muuzaji aulizwe kilivunjika lini na kwa nini.

Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi ndiyo inayodanganya watu zaidi. Ufunguo ukiwashwa inatakiwa iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana huenda imezimwa makusudi ili mnunuzi asiulize. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anaweza kulimaliza hilo kwa dakika chache.

Lami na vumbi

Kuzunguka stendi mara moja siyo majaribio. Bariadi ina bahati ya barabara mbili za kupimia: lami ya kwenda Lamadi au Maswa, na za vumbi za kuelekea vijiji vya Itilima na Meatu.

Kwenye lami, penye nafasi na usalama, gari iachwe iende yenyewe sekunde chache mikono ikiwa karibu na usukani. Ikivuta upande mmoja inaweza kuwa alaimenti tu, kitu cha kurekebishwa. Ikitoka kwenye alaimenti na bado inavuta, au tairi moja imeliwa upande mmoja wakati nyingine ziko sawa, mfupa unashukiwa.

Vumbi linapima kitu kingine. Madirisha yafungwe, gari iendeshwe kilomita kadhaa, kisha buti na kingo za milango zikaguliwe. Gari iliyokaa sawa inaingiza vumbi kidogo na kwa usawa. Ikiwa mlango mmoja au kona moja ya buti imejaa vumbi jekundu, huenda ni mpira uliochoka, huenda pia ni fremu isiyo na umbo lake la mwanzo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza ulaghai kwenye kifungu cha 17. Kusema jambo lisilo kweli huku anayelisema haliamini ni ulaghai. Kuficha jambo kwa vitendo ni ulaghai. Lakini kifungu hicho hicho kinasema ukimya peke yake siyo ulaghai, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema, au ukimya wenyewe una maana ya jibu.

Mzizi wake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika huku kabla ya Tanganyika kupata yake mwaka 1961. Ile ya India inatoa mfano wa farasi: anayemuuza mgonjwa mnadani bila kusema chochote hajalaghai. Mnunuzi akimwambia "usipokanusha, nachukulia kuwa mzima," muuzaji akanyamaza, ukimya huo unahesabika kama maneno. Weka IST mahali pa farasi, mambo ni yale yale.

Kifungu cha 19 kinampa aliyelaghaiwa haki ya kuuvunja mkataba, na kina mtego. Kama alipotoshwa bila ulaghai, au alinyamaziwa tu, haki hiyo inapotea ikiwa angeweza kuujua ukweli kwa umakini wa kawaida. Ndiyo maana kwenda na fundi ni ulinzi hata mahakamani. Na ndiyo maana ile sentensi ya mikataba mingi ya mauziano, "mnunuzi ameikagua gari na kuridhika nayo," isisainiwe kirahisi.

Swali linaulizwa kwa maandishi, hata kwa meseji: "Gari hii imewahi kupata ajali au kuguswa mfupa, na mifuko ya hewa imewahi kufumuka?" Jibu linahifadhiwa. Kwenye mkataba, uwe wa wakili au wa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, inaongezwa sentensi kama hii: "Muuzaji anathibitisha kuwa kwa anavyofahamu gari hii haijawahi kupata ajali iliyogusa mfupa wala kufumua mifuko ya hewa, na ikibainika alijua, atarudisha fedha yote." Muuzaji mkweli atasaini, au ataeleza ajali ilivyokuwa na bei itashuka. Anayekasirika kwa swali hilo ameshajibu.

Kama gari ilikuwa na bima kubwa, mwenye gari anaweza pia kuombwa alete kutoka kampuni yake ya bima taarifa ya madai aliyowahi kulipwa.

Kama gari imeshanunuliwa

Aliyegundua baada ya kulipa asikimbilie kwa fundi kutengeneza. Gari ipigwe picha ilivyo, ikaguliwe na fundi atakayeandika na kusaini alichokiona, na muuzaji aandikiwe haraka. Kuendelea kuitumia kwa miezi kunaweza kuchukuliwa kuwa ameikubali. Sheria inamwachia aliyelaghaiwa kuchagua: kurudisha gari na kudai fedha, au kubaki nayo na kudai awekwe pale ambapo angekuwa kama aliyoambiwa yangekuwa kweli.

Muuzaji akiwa mfanyabiashara wa magari, malalamiko yanaweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Udanganyifu wa makusudi unaweza kufikishwa polisi, kwa kuwa kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita mahakamani, lakini meseji za muuzaji hazikai muda huo kwenye simu iliyopotea, hivyo nakala iwekwe kwenye karatasi siku ile ile.