Saratani ya umio Afrika Mashariki: yaliyobadilika na yaliyosalia

Saratani ya umio, yaani ya mrija upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazosababisha vifo vingi katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Mwaka 2020 pekee, ilikadiriwa kuwa watu 604,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na wengine 544,000 wakafariki dunia.

Hali haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya miaka ya 1930, kumbukumbu za hospitali katika ukanda huu ziliutaja ugonjwa huo kwa nadra. Kufikia miaka ya 1960, madaktari walikuwa wamekwisha kubaini kuwa umeenea mno upande wa Kisumu, magharibi mwa Kenya, ilhali katika baadhi ya sehemu za nchi jirani ya Uganda ulikuwa adimu. Tofauti hizo ziliwaelekeza watafiti kwenye mazingira na mwenendo wa maisha, badala ya urithi wa damu peke yake.

Kwingineko mkondo ulikuwa mwingine. Nchini Marekani, aina inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio ilipungua kadiri uvutaji wa sigara ulivyopungua. Lakini tangu miaka ya 1970 iliongezeka aina ya pili, inayojitokeza karibu na tumbo na kuhusishwa na unene uliopita kiasi pamoja na kiungulia cha muda mrefu. Afrika Mashariki, aina ya kwanza ndiyo ingali inatawala. Huko Bomet, nchini Kenya, imewapata hata vijana ambao hawajatimiza miaka 30, jambo lisilo la kawaida kwingi duniani.

Sababu haziko mahali pamoja. Tumbaku na pombe zinajulikana. Moshi wa kuni jikoni nao unashukiwa. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Vipimo vilivyochukuliwa mkoani Kilimanjaro, Tanzania, vilionyesha chai ikinywewa ikiwa na joto la takriban nyuzi 70. Kuiacha ipoe kwa dakika chache hakugharimu chochote.

Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, kwani umio hutanuka, na dalili hazionekani mpaka njia imekwisha kuzibwa kwa sehemu kubwa. Kwanza hukwama ugali au nyama, kisha uji, mwishowe hata maji, huku mwili ukikonda. Anayeanza kupata taabu ya kumeza asingoje hatua hizo zifuatane. Inampasa amwone daktari ili umio wake uchunguzwe mapema.