Nani Amzoee Mwenzake: Mtu au Mashine?

Leo tuangalie historia ya tarakilishi zinazotambua maneno tunayotamka, kwa swali moja: mtu aizoee mashine, au mashine imzoee mtu?

Mwaka 1952, Davis, Biddulph na Balashek wa Bell Labs, Marekani, walitengeneza Audrey. Ilitambua tarakimu tu, tena baada ya kurekebishwa ifuate sauti ya msemaji mmoja. Kwa nini? Njia ya sauti, kutoka kooni hadi midomoni, hailingani kwa watu wote. "A" yangu na "a" yako ni mawimbi tofauti.

Miaka ya 1980, kundi la Fred Jelinek huko IBM likaleta Tangora, yenye maneno 20,000. Lakini kwanza ulikaa ukiisomea kama dakika 20, kisha ukatua baada ya kila neno.

Mwaka 1988 Kai-Fu Lee wa Carnegie Mellon alionyesha Sphinx, iliyosikia mtu yeyote akiongea mfululizo, kwa msamiati wa maneno kama 1,000. Ilikuwa imefunzwa kwa sauti za watu wengi. Shida ni kwamba modeli ya wote ni kama shati la saizi moja: linavalika, ila halimkai mtu sawasawa.

Basi wakaja mafundi wa kulipunguza. Mwaka 1994 Gauvain na Lee walieleza njia ya kuvuta wastani wa kila sauti kuelekea kwako kadiri unavyoitamka. Usiyoitamka haisogei. Mwaka 1995 Leggetter na Woodland wa Cambridge walipata hesabu moja ya kusogeza wastani nyingi kwa pamoja. Sentensi chache zikatosha, na hata sauti ambazo hujazitamka zikasogea.

Siku hizi simu haikuombi kuisomea chochote. Whisper ya mwaka 2022 ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Je, kazi imekwisha? Hapana, imehamia kwa sauti zilizokusanywa. Mwaka 2020 watafiti walipima mifumo ya kampuni 5 kubwa huko Marekani: ilikosea maneno 19 kwa 100 kwa wasemaji Wazungu, na 35 kwa wasemaji Weusi. Walisema tatizo liko kwenye modeli ya sauti yenyewe.

Asiyekuwamo kwenye mafunzo ndiye anayerudia, anayepunguza kasi, anayebana lafudhi yake. Ndiyo maana mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza 2017, hupokea sauti za kujitolea, za Kiswahili zikiwemo.

Wewe je, simu yako inakielewa Kiswahili cha kwenu, au unajigeuza kwanza?