Adabu ya Kumwita Jirani Kupiga Kura

Msomaji, ukiitazama ramani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, utakiona kisiwa cha Remba, kidogo na chenye mawe, katika Kaunti ya Homa Bay. Wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania hukaa hapo wakibanana katika nyumba za mabati, wakivua mbuta na omena. Tangu kanuni za mwaka 2007, fukwe za wavuvi nchini Kenya zina vyama vya kuzisimamia, na viongozi wake huchaguliwa na wanachama wenyewe. Sasa fikiri: mahali padogo hivyo, ambapo mvuvi hula kwa mashua ya mtu mwingine, yafaa mwenye mashua amhimize vipi kupiga kura? Historia yetu ina jibu.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Wajumbe hao walikuwa 8. Mmoja wao, Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni watu wa Rusinga katika ziwa hilohilo, alishinda Nairobi. Lakini si watu wote walioruhusiwa kupiga kura. Elimu na mali vilipimwa, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura 3 na jirani yake asiwe na hata 1. Ulipofika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima aliyeandikishwa alikuwa na kura moja. Kumwita jirani siku ile kulikuwa kumkumbusha haki iliyopatikana kwa taabu.

Baadaye ulikuja mlolongo. Mwezi wa Februari 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, watu walipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake, wakahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, na watu wa jimbo lake hawakupata tena kura ya siri. Jiweke mahali pao, msomaji. Chifu anakutazama, anayekudai anakutazama, na bwana wako wa kazi anakutazama. Je, ungethubutu kusimama katika mstari mfupi? Viongozi wa makanisa, akiwamo Askofu Henry Okullu wa Maseno South, waliipinga desturi hiyo, na mwezi wa Desemba 1990 KANU iliiacha. Katiba ya mwaka 2010 inaagiza uchaguzi uwe wa kura ya siri.

Basi mafunzo ni haya. Mwite jirani yako. Mwambie siku na mahali. Mlindie nyavu zake ili apate kwenda. Msifu mgombea wako kwa hoja. Lakini mkifika kituoni, mwache aingie peke yake. Akitoka, usimwulize amemchagua nani. Usimpe fedha, wala usimtishe kwamba kesho hatapanda mashua yako. Asiyetaka kwenda, mweleze hasara yake kwa upole, usimwaibishe mbele ya watu.

Nanyi shuleni, mnapomchagua kiranja kwa kunyosha mikono, tazameni ni wangapi wanaogeuka kwanza kuona rafiki zao wamefanyaje. Siku nyingine jaribuni kwa vikaratasi, mlinganishe hesabu. Wahenga walisema kweli: hiari yashinda utumwa.